Saini Kwanza, Barua Baadaye

Mlinzi wa benki alikuja Jumanne asubuhi, kofia mkononi, na badala ya kukaa kwenye kiti cha wateja akabaki amesimama. Nikajua kuna jambo. Barua zake tatu za kuomba kazi nilimwandikia mimi, na kila alipokuja alikaa, akavua viatu kimyakimya chini ya meza yangu, akaanza kunisimulia maisha yake tangu darasa la kwanza. Safari hii alininyooshea simu.

"Mama Husika, nitolee hii tu. Nakala moja."

"Nini hii?"

"Barua ya maombi. Nimeshaandikiwa."

"Na nani?"

Akaitazama kofia yake. "Na simu, mama. Unaiambia tu unataka kazi gani, yenyewe inashusha."

Nikamtolea. Barua ilikuwa ndefu, imenyooka, imepigwa pasi kila upande. Mtu ambaye mtaa mzima unajua anaweza kulala akiwa amesimama alikuwa amegeuka "mtaalamu wa usalama mwenye umakini wa hali ya juu". Nilitaka kucheka, kicheko kikanikwama. Alipoondoka nilibaki nimeshika kiuno, na ninachosema hapa nakisema bila kupaka rangi: niliona wivu. Haikuwa hasira wala huzuni. Ni ule wivu wenyewe wa mwanamke aliyesikia mumewe anakula nyumba nyingine.

Mimi kazi yangu ni hiyo. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kona ya duka la vifaa vya ofisi, katikati ya mashine ya fotokopi na kabati la madaftari, nina meza, kompyuta na feni iliyokatika shingo inayompepea mwenye duka peke yake. Kila barua yangu inaanza na maneno yaleyale, "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu", na kutoka hapo watu wakanibandika jina. Watoto wa mtaani hawajui jina langu la kuzaliwa, na nadhani hata baadhi ya shemeji zangu wamelisahau. Sijawahi kuona haya. Madereva, wapishi, wauguzi, makarani, wafagizi, nusu ya watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini mtaani kwetu waliingia huko kwa vidole vyangu, na sikuwa mvivu wa kuwakumbusha.

Nilikuwa na utaratibu wangu ambao hujauona kwingine. Wateja wengi ni watu wa mbio, anatoka kazini dakika kumi, hawezi kukaa kusubiri nifikiri. Basi anasaini kwanza. Nampa karatasi tupu, anatia saini chini kushoto, vidole vinne kutoka ukingoni, anaandika na jina lake, anakwenda zake. Mimi naandika kwa nafasi, napima, napitisha karatasi ileile kwenye printa, na maneno yanaketi juu ya saini sawasawa, huwezi kujua kipi kilitangulia. Na kwa kuwa printa ya dukani ina ugonjwa wa kutafuna karatasi, kila mteja anasaini mbili. Ya pili ikibaki naichana. Watu waliniachia saini zao kama wanavyomwachia kinyozi shingo.

"Ipo siku utauza nyumba ya mtu," mwenye duka alikuwa akinitania.

"Yako ndiyo ya kwanza," nilikuwa namjibu.

Baada ya mlinzi walikuja wengine. Wiki hiyo peke yake walikuwa watano, wote wameshika simu, wote "nitolee tu". Kiti cha wateja kikaanza kuwekewa maboksi ya karatasi. Nilijikaza. Nilijiambia hao ni wateja, wanakuja na kuondoka. Kumbe kilichokuwa kinakuja kuniumiza kilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Kitinda mimba wangu, binti, alikuwa na miaka miwili nyumbani tangu amalize chuo. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu, ana cheti kizuri, ana adabu, ana akili, na kazi hana. Ndugu zake watatu wameshatawanyika kwenye maisha yao, yeye amebaki na sisi, anafagia, anapika, anakwenda sokoni, na kila mwezi anazidi kunyamaza. Nilishamwandikia barua kumi na moja. Nasema kumi na moja, na sioni raha kuitaja idadi hiyo, kwa sababu hakuna hata moja iliyojibiwa. Watoto wa watu waliitwa kwa barua zangu, wangu hakuitwa. Nilisema ni mkosi. Nikasema siku hizi ni kujuana. Nilisema kila kitu isipokuwa kwamba huenda barua zilikuwa na kasoro.

Halafu likatoka tangazo la hospitali. Karani wa masijala, nafasi moja, barua ziletwe kwa mkono, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Hospitali yenyewe iko nyuma ya duka letu, ukipita uchochoro wa mafundi viatu umefika. Niliona kabisa Mungu ameamua kutuangalia. Jioni hiyo nikamwambia mwanangu, "Kesho njoo dukani, hii nitaiandika mpaka waitie kwenye fremu."

Akanitazama kwa upole, upole ule wa kumwambia mgonjwa habari mbaya.

"Mama, hii niache niandike mwenyewe."

"Mwenyewe vipi?"

"Kwa simu. Ile akili bandia. Wenzangu wawili wameitumia na wameitwa."

Nilimwambia sawa. Mdomo ndio uliosema.

Jumatano, kabla ya chakula cha jioni, alikaa kwenye mkeka wa sebuleni na simu yake. Mimi nilikuwa kwenye kochi nachagua mchele. Alikuwa anaandika, anasoma, anafuta. Mara anaiambia, "Hapana, si hivyo, punguza hizo sifa." Mara anacheka. Alicheka nayo! Mtoto ambaye kwa miezi sita nilikuwa namvuta maneno kwa koleo alikuwa anaibishia simu na kucheka nayo kama shoga yake. Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kazi mchana kutwa, ananiuliza neno hili maana yake nini, yule mtu anaomba kazi gani. Nikajiona nimeolewa uke wenza na kitu kisicho hata na miguu.

"Tusomee basi," akasema baba yake. Mume wangu ni fundi umeme mstaafu, mtu wa kushangilia kila kitu, hata bomba la maji likirudi.

Mtoto akasoma aya ya kwanza. "Ninayo furaha kuwasilisha kwenu maombi yangu ya nafasi ya karani wa masijala, nikiamini kwamba hospitali isiyoweza kupata jalada la mgonjwa kwa wakati haiwezi kumtibu kwa wakati."

Baba yake akapiga kofi pajani. "Barua imekwenda shule hiyo! Mama yako hapo angeshaanza husika, husika, mpaka mgonjwa akafa!"

Wakacheka wote wawili. Na mimi nilicheka, kwa meno. Kisha nikabeba sinia langu la mchele nikaenda jikoni, nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Sauti yake niliisikia inaendelea kusoma kule sebuleni, nikafungulia maji zaidi. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na yule mwanamume hajawahi kuniambia barua yangu imekwenda hata chekechea.

Alhamisi mchana mwanangu akaja dukani anahema. Alitakiwa kwenda chuoni kuchukua nakala za vyeti zilizogongwa mhuri, na chuo kiko upande wa pili wa mji. Barua alishaituma kwenye kompyuta yangu.

"Mama, nisaidie kuitoa, halafu kesho asubuhi uipeleke na vyeti, si unapita pale? Vyeti nitakuletea nyumbani jioni."

"Saini je?"

"Nisaini kama wateja wako."

Nikampa karatasi mbili. Akasaini zote, chini kushoto, vidole vinne kutoka ukingoni, nilivyomfundisha. Akanigusa bega, akakimbia. Hakuniuliza maswali. Mimi ni mama yake, aniulize nini?

Nikaitoa barua yake kwenye karatasi ya kwanza. Printa, kwa ukorofi wake, siku hiyo haikutafuna kitu. Ikatoka barua safi, maneno juu, saini chini. Nikaishika mkononi nikasoma mistari mitatu ya juu, ileile niliyoisikia Jumatano. Ninayo furaha! Tangu lini mtu akaomba kazi kwa furaha? Kazi inaombwa kwa heshima, umeinamisha kichwa. Mimi barua naipima kwa mistari mitatu. Mteja akiniletea ya kurekebisha, sihitaji kufika chini kujua imeandikwa na mtu wa aina gani. Nikailaza kifudifudi kwenye droo.

Karatasi ya pili ilikuwa bado mezani.

Nilijiambia namwokoa. Nilijiambia hawa wa simu wote wataandika yaleyale, na barua yenye heshima ndiyo itakayoonekana. Nilijiambia mengi, na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo moja: sikutaka ile simu impatie mwanangu kazi ambayo mimi nimeshindwa kumpatia mara kumi na moja. Nilitaka aitwe, na nilitaka aitwe kwa mkono wangu. Kama ingebidi nichague kati ya hayo mawili siku ile, sijui ningechagua lipi, na kutojua huko kunanitia aibu mpaka leo.

Nikaandika. Sijawahi kuandika vile. Kwa kawaida barua ya mtu inanichukua saa nzima, namtafuta mtu mwenyewe ndani ya maneno. Hii ilitoka kama maji. "Ninao uwezo wa kuchapa maneno sitini kwa dakika bila kutazama kibodi. Ninaweza kupanga majalada kwa namba na kwa herufi na kupata jalada lolote kabla mwombaji hajamaliza kulitaja. Nimezoea kufanya kazi penye kelele na watu wenye haraka, bila kukosea na bila kukasirika." Hilo la kukasirika nilitia chumvi kidogo.

Mwenye duka alikuja kuchukua rimu ya karatasi akasimama nyuma yangu. Ana tabia ya kusoma kwa midomo.

"Barua ya nani hii?"

"Ya mwanangu."

"Kumbe anachapa sitini?"

"Anachapa."

"Mbona mwezi uliopita nilimwona hapa anatafuta herufi ya H kwa kidole kimoja, kama mtu anayetafuta kibanio cha nywele?"

"Wewe hudumia wateja wako."

Akaenda zake. Nikaipitisha karatasi ya pili kwenye printa, nikangoja wino ukauke, nikaikunja barua mara tatu, nikaitia kwenye bahasha.

Ijumaa saa tatu, vyeti vyake nimeshavitia kwenye bahasha, nilikuwa kwenye dirisha la hospitali. Kijana wa mapokezi akaandika kwenye daftari, akagonga mhuri, akaitupa bahasha kwenye boksi lililojaa nyingine. Nilirudi kupitia uchochoro wa mafundi viatu nimevimba kichwa, nasalimia mpaka watu nisioongea nao.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, wakampigia simu. Anatakiwa kwenye usaili Jumanne inayofuata.

Hujawahi kuona nyumba ikiruka. Baba yake alimbeba juu, na mgongo wake mbovu vile, ikabidi tumkande baadaye. Mtoto alilia, akacheka, akaanza kutafuta shati jeupe papo hapo. Halafu akaichukua simu yake akaibusu kwenye kioo.

"Si nilisema?" baba yake akapaza sauti. "Huyu karani wa kwenye simu ni kiboko! Mama Husika, ufunge duka sasa!"

Nilisimama pale mlangoni na hongera zangu zote nikiziona zinakwenda kwa kipande cha kioo. Ni mimi! Maneno yale ni yangu, kila neno, wamemwita kwa ajili yangu, na nilikuwa siwezi kusema. Nikitazama nyuma, ile ndiyo siku niliyokuwa na wivu kuliko zote, kuliko hata siku ya mlinzi, kwa sababu sasa nilikuwa nimeshinda na kombe amepewa mwingine.

Zilibaki siku nne. Siku nne ni nyingi, mtu angeweza kujifunza kitu. Ningeweza kumketisha nikamwambia, mwanangu, nimefanya jambo, umeandikiwa hivi na hivi. Nilizungukazunguka tu. Jumamosi nikamwambia, "Njoo dukani nikufundishe kuchapa, usije ukaulizwa."

"Ah, Mama, kuhusu kuchapa usiwe na wasiwasi. Nimeshawaeleza."

Nikaona ni kiburi. Nikaona simu imeshamtia kiburi, sasa hata vidole vyangu havimfai. Nikanyamaza kwa kumkomoa.

Jumanne nilimpigia pasi shati jeupe, kola mara mbili. Akaenda saa mbili asubuhi. Mimi nikaenda dukani, nikakosea barua ya mpishi mara tatu, nikamwandika dereva.

Saa nane mchana akaingia. Akaondoa boksi la karatasi kwenye kiti cha wateja, akaliweka chini taratibu, akakaa. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Walikuwa watatu," akasema. "Mkuu wa utumishi ni mama mmoja ana miwani ya kamba. Wakaniuliza masomo, nikajibu. Wakaniuliza mafaili yanapotea kwa sababu gani, nikajibu, wakafurahi, Mama. Mmoja akaandika kitu. Halafu yule mama akasema, sasa tuone hizo sitini."

Macho yangu yakaenda kwenye droo.

"Nikamuuliza sitini gani. Akaniambia nikae kwenye kompyuta. Wakanipa ukurasa na saa. Nilichapa maneno kumi na tisa. Makosa sikuyahesabu, waliyahesabu wao."

"Mwanangu..."

"Akafungua faili akanisomea barua. Ninao uwezo wa kuchapa maneno sitini kwa dakika bila kutazama kibodi. Nikamwambia, samahani mama, hii si barua yangu. Akaigeuza akanionyesha. Akaniuliza, na saini hii ya nani?" Hapo akaishika kola ya shati. "Nikaiangalia. Ni yangu."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inazunguka. Mwenye duka aliizima, akakumbuka ana kazi nje.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Ningemjibu nini? Niseme mama yangu amechezea saini yangu? Nyuma ya ukuta tu hapo, wanakufahamu wote. Nikasema samahani. Akaniambia, binti, wengi wanaokuja hapa hawajui kuchapa, tunawafundisha sisi wenyewe, mwezi mmoja tu. Ungesema hujui, leo ungetoka na kazi. Lakini huku ndani kuna siri za wagonjwa, na wewe umeanza na sisi kwa uongo."

Nikatamani kiti changu kinimeze.

"Kwa nini, Mama?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari, yote mazuri. Nikayaacha.

"Wivu," nikasema.

"Wa simu?"

Nilitaka kusema ndiyo, ingetosha, tungemlaumu shetani wa kwenye simu na kumalizana. Lakini zile sitini hazikuwa za simu, na hazikuwa zake. Nilizipata mimi, chuo cha uhazili, msichana wa miaka ishirini na moja niliyeshika nafasi ya kwanza darasani. Kuna barua moja niliwahi kujiandikia mwenyewe, ya kuomba kazi ya ofisini, ofisi yenye mlango na kibao. Niliiandika ningali na mimba yake ya miezi minane, na sikuipeleka. Kisha nikakaa kwenye kona hii nikaandika "mimi ninaweza" kwa ajili ya watu elfu na kitu. Alhamisi ile nilipoandika "mimi", nilijiandika. Niliomba ile kazi mwenyewe, kwa saini ya mwanangu.

"Wa simu mwanzoni," nikasema. "Halafu wako."

Hakushtuka. Ndicho kilichonivunja, kwamba hakushtuka.

"Nilijua ni wewe tangu mstari wa kwanza," akasema. "Kila neno ni wewe, Mama. Ni barua nzuri. Wewe wangekuchukua." Akainuka, akalirudisha boksi juu ya kiti. "Yangu uliisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

Nikashika mpini wa droo. Akasema anakwenda nyumbani, Baba anasubiri habari. Aliagana na mwenye duka mlangoni kwa adabu, kama siku zote.

Nikavuta droo. Ilikuwa bado kifudifudi chini ya boksi la pini. Nikaigeuza, nikaruka mistari mitatu ya juu, nikashuka chini ambako sikuwahi kufika.

"Napenda kusema mapema kwamba sijui kuchapa kwa haraka. Mama yangu anaandika barua za maombi ya kazi, nami nimekulia chini ya meza yake. Nilimsikia akiwakatalia wateja waliotaka aandike wasichokiweza, hata walipomkasirikia. Aliniambia kwamba atakayeulizwa ni mwenye saini. Kwa hiyo siandiki kuwa ninaweza. Ninaandika kwamba nitajifunza, na nitajifunza kwake, kwa sababu sijaona anayechapa kumzidi."

Maneno hayo simu isingeyajua. Nilimwambia mimi, akiwa darasa la tatu au la nne, siku fundi bomba aliponitukana hapo mezani kwa sababu sikutaka kumwandika kuwa ni fundi umeme. Hakukuwa na mtu mwingine dukani, ni sisi wawili tu. Yeye ndiye aliyeiambia simu. Na pale sebuleni alisoma mpaka mwisho kwa sauti, ili nisikie, na mimi niko jikoni nimefungulia maji.

Nilisoma mara tatu, kisha nikaacha kwa sababu herufi zilikuwa hazionekani. Nikazima kompyuta. Mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amekaa kwenye kochi, bisibisi mkononi na redio imefunguliwa tumbo mapajani, lakini hakuwa anaitengeneza.

"Umesikia?" akaniambia. "Watu hawana haya kabisa. Binti anasema nafasi ilikuwa imeshapewa mtu tangu wiki iliyopita. Wamemwita kujaza viti tu! Ni kujuana, yaleyale uliyokuwa unayasema wewe kila siku. Nami nilikuwa nakubishia."

Mwanangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, bado na lile shati jeupe. Alikuwa ameshanifichia hospitalini, na sasa amenifichia nyumbani, na alinitikisia kichwa kidogo, kwamba niache, yamekwisha.

"Hakuna aliyejuana na mtu," nikamwambia baba yake. "Weka hiyo redio chini."